Taarifa za Awali za Wahamiaji Wasio na Hati: Kutoka Mapinga hadi Rusumo

Taarifa za awali za wahamiaji ni maelezo ambayo mamlaka huchukua kwa mtu asiye na pasipoti wala viza kabla hajavuka mpaka, au kabla shauri lake halijaanza kusikilizwa: jina, tarehe ya kuzaliwa, kijiji alikotoka, picha ya uso, alama za vidole, njia aliyopita na mtu anayemsubiri mbele ya safari. Kwa abiria wa ndege jambo hili limezoeleka, maana shirika la ndege hutuma orodha ya majina kabla ndege haijatua. Anayekuja kwa miguu, kwa lori au kwa mashua hana wa kumtangulizia jina. Nchi mbalimbali zimejaribu kuziba pengo hilo kila moja kwa namna yake, na kila namna huulizwa mambo mawili: huyu akishajieleza anapata nini, na maelezo yake yanabaki mikononi mwa nani?

Mapinga, tunapoanzia, haiko mpakani. Ukitoka Dar es Salaam kwa Barabara ya Bagamoyo na kuiacha Bunju nyuma, unaingia Mkoa wa Pwani, na Mapinga ndiyo kata inayokupokea. Upande wa mashariki kuna bahari na mikoko. Upande wa bara kuna viwanja vilivyopimwa, nyumba mpya zenye kuta ndefu na mapagale yanayosubiri mwenyewe apate fedha za kuezeka. Wengi wa wakazi ni wahamiaji wa kutoka jijini, kwa hiyo sura ngeni haishtui mtu. Mbele yake, Bagamoyo imeunganishwa na Msata kwa barabara ya lami ya kilometa 64, na Msata iko juu ya barabara kuu inayokwenda Segera, kisha Tanga na Moshi. Gari lililotoka upande wa mpaka wa Kenya linaweza kuingia Dar es Salaam kwa njia hiyo bila kuiona Chalinze. Pwani yenyewe ina bandari bubu nyingi, sehemu ambazo mashua hutia nanga bila forodha wala ofisa wa Uhamiaji. Vyombo vya habari vimeripoti zaidi ya mara moja kukamatwa kwa makundi ya Waethiopia katika Wilaya ya Bagamoyo.

Watu hawa wako katika njia ambayo watafiti huiita Njia ya Kusini. Wengi ni vijana wa kiume kutoka kusini mwa Ethiopia, hasa maeneo ya Hadiya na Kembata, na mji wa Hosaena ndio unaotajwa zaidi. Huingia Kenya kupitia Moyale, hujificha Nairobi, kisha hushuka Tanzania kwa njia za panya za Kilimanjaro na Tanga au kwa bahari, na kutoka hapo husafirishwa hadi Mbeya na Songwe, wavuke kwenda Malawi au Zambia, Msumbiji na hatimaye Afrika Kusini. Utafiti wa Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, IOM, uliotolewa mwaka 2009 ulikadiria kuwa wanaume kati ya 17,000 na 20,000 kutoka Pembe ya Afrika walisafirishwa kwenda Afrika Kusini kila mwaka kwa mtindo huo.

Safari nzima imejengwa juu ya kutojulikana. Nyumba ya kulala wageni ya kawaida kando ya barabara za Tanzania, hata ile ya vyumba vinne, ina daftari kubwa pale mapokezi lililopigwa mistari kwa kalamu na rula: tarehe, jina, kabila, kazi, anakotoka, anakokwenda, namba ya chumba, sahihi. Mgeni hujaza akiwa bado ameshika begi lake, na polisi wakija usiku ndilo wanalouliza kwanza. Kijana wa Hosaena halijazi daftari hilo. Hulala porini, ndani ya ua uliofungwa geti, au chini ya turubai la lori, na jina lake linajulikana kwa wakala aliyelipwa na kwa wenzake walio ubavuni mwake tu.

Mambo yakiharibika, kutojulikana huko hugeuka kuwa maafa ya pili. Mwishoni mwa Juni 2012, katika kijiji cha Chitego wilayani Kongwa, Dodoma, ilikutwa miili ya Waethiopia zaidi ya 40 waliokosa hewa ndani ya lori na kutupwa porini pamoja na wenzao waliokuwa bado wanapumua. Tarehe 24 Machi 2020, huko Moatize katika jimbo la Tete, Msumbiji, kontena lililotoka Malawi lilifunguliwa likakutwa na maiti 64 na watu 14 walio hai. Oktoba 2022 kaburi la pamoja lilifukuliwa Mzimba, kaskazini mwa Malawi, likiwa na miili zaidi ya 25 inayoaminika kuwa ya Waethiopia. Hapakuwa na orodha ya abiria. Mama aliyeko Hadiya hawezi kupigiwa simu na mtu asiyejua kama mwanawe alikuwemo.

Kwa njia hii ya pwani, basi, taarifa huchukuliwa baada ya tukio, wala si kabla yake. Mtuhumiwa hukamatwa, hufikishwa kituoni, hutafutiwa mkalimani, na mara ya kwanza jina lake kuandikwa na dola ya Tanzania huwa ni kwenye jalada la kesi. Hukumu ya kuingia nchini bila kibali huwa faini au kifungo, na mwisho wa kifungo si mwisho wa jambo, kwa kuwa hawezi kurudishwa kwao mpaka nchi yake imthibitishe kuwa raia wake na kumpa hati ya dharura ya kusafiria. Wengine walikaa gerezani muda mrefu kuliko adhabu waliyopewa. Tarehe 25 Januari 2021, Rais Sahle-Work Zewde wa Ethiopia alipomtembelea Rais John Magufuli huko Chato, Tanzania ilitangaza kuwaachia Waethiopia zaidi ya 1,700 waliokuwa magerezani. Idadi hiyo inaonyesha mzigo unaolimbikizana pale ambapo kumtambua mtu kunaachwa kuwa hatua ya mwisho.

Sheria ya Tanzania ina mlango mwingine, ingawa si wengi wanaoufahamu. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inamtaka anayeomba hifadhi ajitokeze ndani ya siku saba tangu kuingia nchini, mbele ya ofisa aliyeidhinishwa, mlinzi wa amani au mtendaji wa kijiji. Mtendaji wa kijiji, yule yule anayeandika barua za utambulisho na kusuluhisha ugomvi wa mipaka ya mashamba, amepewa na Bunge wajibu wa kuwa sikio la kwanza la mtu anayekimbia kuuawa. Kwa mikoa ya Kigoma na Kagera wajibu huo una historia ndefu. Kwa vijiji vya Bagamoyo, ambako mgeni asiye na hati huhesabiwa tangu mwanzo kuwa kesi ya Uhamiaji, mlango upo lakini ni nadra kubishwa, na hilo ni kasoro inayostahili kusemwa wazi. Si kila aliyejificha kwenye pagale anafuata kazi Johannesburg; wapo wanaokimbia vita, na hakuna atakayewatofautisha bila kuwauliza.

Mfano mkubwa kuliko yote wa kuuliza kwa haraka ulitokea Daraja la Rusumo, wilayani Ngara. Kwa saa 24 tu, tarehe 28 na 29 Aprili 1994, zaidi ya watu 200,000 walivuka Mto Kagera kutoka Rwanda. Wanajeshi na polisi wa Tanzania waliwanyang'anya silaha darajani, na picha za marundo ya mapanga yaliyoachwa kando ya barabara zilizunguka dunia nzima. Kuandika majina ya umati ule mmoja mmoja hakukuwezekana. Katika kambi ya Benaco watu walihesabiwa na kugawiwa chakula kwa kufuata komini, yaani maeneo ya utawala ya Rwanda, walizotoka, kupitia viongozi wao wa zamani.

Hapo ndipo kosa lilipoota mizizi. Waliopanga orodha, na kwa hiyo walioshika chakula, wengi walikuwa viongozi wale wale waliosimamia mauaji ya kimbari nchini Rwanda. Hesabu zilivimba, na aliyetaka kusema ukweli kuhusu jirani yake aliogopa, kwa kuwa mwandishi wa orodha alikuwa mtu wa jirani huyo. Juni 1994 shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, UNHCR, lilipotaka kumwondoa kambini Jean-Baptiste Gatete, aliyewahi kuwa burugumesta, yaani mkuu wa komini, wa Murambi, umati uliojaa hasira uliwazingira wafanyakazi wa misaada. Gatete alikuja kukamatwa Kongo-Brazzaville mwaka 2002 na kufikishwa mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, Arusha. Alihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2011, kikapunguzwa kuwa miaka 40 kwa rufaa mwaka uliofuata.

Kumtambua mtu kupitia wengine kuliwahi kufaa zamani, maana uhuru wa bara hili nao uliwahi kutegemea watu wasio na hati. Januari 1962 Nelson Mandela aliingia Tanganyika kupitia Mbeya akiwa hana pasipoti, na serikali ya Dar es Salaam ndiyo iliyompa karatasi ya kusafiria iliyomfikisha Addis Ababa. Wapigania uhuru waliomfuata walidhaminiwa na vyama vyao: chama kilimjua mtu, na dola ilikijua chama. Utaratibu huo uliwafaa waliokuwa na chama. Mkulima aliyekimbia peke yake hakuwa na wa kumsemea.

Kenya inatoa funzo la namna nyingine. Kambi za Dadaab, katika Kaunti ya Garissa, zilifunguliwa mwaka 1991 kwa ajili ya Wasomali waliokimbia vita. Ukame ulipowabana wenyeji, Wakenya wa kabila la Kisomali nao walijiandikisha kambini ili wapate chakula na matibabu, na wengi waliandikishwa na wazazi wao wangali watoto. Alama za vidole zikaingia katika kumbukumbu za wakimbizi. Miaka ikapita, mtoto akatimiza miaka 18, akaenda kuomba kitambulisho cha taifa, na mashine ikamjibu kuwa yeye ni mkimbizi. Inakadiriwa watu wapatao 40,000 walinaswa hivyo. Bila kitambulisho mtu hafungui akaunti ya benki, hasajili laini ya simu wala hapigi kura. Kipimo cha unga alichopewa akiwa na miaka sita kilimfungia uraia alipokuwa mtu mzima.

Marekani iliupeleka utaratibu wa kuchukua taarifa za awali kwenye simu ya mkononi. Programu ya CBP One ilitolewa Oktoba 2020, na mwaka uliofuata mamlaka ya forodha na ulinzi wa mipaka ya nchi hiyo ikaanza kupokea kupitia kwake taarifa za awali za watu wasio na hati waliokuwa Mexico. Kuanzia Januari 2023 mhamiaji aliweza kujaza mwenyewe jina, maelezo ya familia na picha ya uso, kisha akaomba miadi ya kufika mpakani. Nafasi zilifikia 1,450 kwa siku. Watu weusi, wakiwemo Wahaiti na Waafrika, walilalamika kwamba kamera ya programu hiyo ilishindwa kuzisoma nyuso zao, hata wengine wakajimulika kwa taa kali ili wakubaliwe. Hata hivyo, kufikia mwisho wa 2024 zaidi ya watu 900,000 walikuwa wamepata miadi, na kwa mtu aliyepita kwa miguu katika msitu wa Darién akielekea huko, siku ya miadi ilikuwa kitu cha kushika.

Tarehe 20 Januari 2025, siku Rais Donald Trump alipoapishwa, miadi yote iliyobaki ilifutwa. Machi mwaka huo programu ikapewa jina la CBP Home na sehemu ya kumwezesha mhamiaji kujiandikisha kuondoka, na mwezi wa Aprili wengi walioingia kwa miadi ya CBP One wakatumiwa ujumbe wa kutakiwa kuihama nchi. Anwani walizozitoa ili wakaribishwe ndizo zilizotumika kuwaondoa.

Uganda, inayopokea Wakongomani kupitia Bunagana na vivuko vya Ziwa Albert, huwaandikisha katika vituo vya kupitia kama Nyakabande huko Kisoro, na anayeandikishwa hupata haraka chakula, ardhi ya kulima na ruhusa ya kufanya kazi. Kati ya Machi na Oktoba 2018 serikali na UNHCR walihakiki upya wakimbizi wote kwa alama za vidole na mboni za macho. Idadi iliyokuwa vitabuni, zaidi ya milioni 1.4, ikashuka kufikia karibu milioni 1.1. Kumbukumbu zilisafishwa bila kufunga mpaka, jambo ambalo majirani wanaweza kulifanya pia.

Kwa upande wa Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na Tume ya kuisimamia ilizinduliwa Aprili 2024. Msingi wa sheria za aina hiyo ni kwamba taarifa iliyokusanywa kwa lengo moja isihamishiwe lengo lingine kiholela. Sheria ipo, na mafunzo pia yapo: maofisa wa Uhamiaji wa nchi hii na wa nchi nyingine za Afrika hufundishwa katika chuo cha Moshi, mkoani Kilimanjaro, mkoa ule ule wenye njia za panya zinazotumiwa na vijana wa Hosaena. Kinachokosekana zaidi kwenye vituo vya polisi vya barabarani ni mtu anayezungumza Kiamhari, au bora zaidi Kihadiya, kwa sababu kijana wa kijijini huko mara nyingi hujibu maswali ya Kiamhari kwa kutikisa kichwa tu, na ofisa akaandika kuwa amekubali.