Hijabu na wasichana wa mpira wa kikapu

Mwezi Agosti mwaka 2014, timu 16 za wavulana wasiozidi umri wa miaka 17 zilikusanyika Dubai kuwania ubingwa wa dunia wa mpira wa kikapu. Wakaazi wa Al Baraha, mtaa ulioko Deira, upande wa hori ambako majahazi ya biashara hutia nanga, walijiwa na dunia mlangoni. Umoja wa Falme za Kiarabu, ukiwa mwenyeji, uliingiza vijana wake uwanjani. Kombe lilichukuliwa na Marekani iliyoishinda Australia.

Wiki chache kabla ya hapo, wasichana wa umri huohuo walikuwa wamechuana katika Jamhuri ya Cheki, ambako Marekani iliishinda Uhispania kwa pointi 77 kwa 75. Hakuna hata nchi moja ya Ghuba iliyokuwa na timu huko.

Mila na uchache wa viwanja vya wanawake vilichangia, bila shaka. Lakini kizuizi kimoja kilikuwa kimeandikwa kwenye kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Mpira wa Kikapu, FIBA: mchezaji hakuruhusiwa kufunika kichwa, isipokuwa kwa utepe mwembamba tu. Sababu iliyotolewa ni usalama, hoja iliyokuwa dhaifu, kwani soka ilikuwa imekwisharuhusu hijabu tangu Machi 2014.

Tarehe 24 Septemba mwaka huo, katika Michezo ya Asia huko Incheon, Korea Kusini, wanawake wa Qatar walitakiwa kuvua hijabu kabla ya kucheza na Mongolia. Walikataa, na ushindi ukapewa Mongolia bila mpira kurushwa. Binti wa miaka 15 aliyekuwa akijifunza mchezo huo Dubai au Doha hakuhitaji maelezo zaidi: hata akiwa hodari namna gani, angefika mpakani mwa nchi yake na kukuta njia imefungwa.

Mkutano mkuu wa FIBA uliofanyika Hong Kong tarehe 4 Mei 2017 uliibadili kanuni hiyo, kuanzia tarehe 1 Oktoba.

Hata hivyo, mashirikisho ya kitaifa yalibaki na kanuni zao. Mwezi Disemba 2022 shirikisho la Ufaransa lilipiga marufuku hijabu katika mashindano yake. Diaba Konaté, aliyewahi kuzichezea timu za vijana za Ufaransa, alikuwa akivaa hijabu na kucheza katika chuo kikuu nchini Marekani. Marufuku hiyo ilimfungia viwanja vya nyumbani kwao.