Nguru mdogo aachwe akue

Nguru ni samaki wa mbio: mwili mrefu, mgongo wa buluu, ubavu wa rangi ya fedha wenye mistari ya kusimama. Hula dagaa na ngisi, na anaweza kupita urefu wa mita 2. Hukua haraka, lakini huanza kutaga mayai akifika miaka 2 hivi, akiwa na sentimita 70 hadi 80. Akivuliwa kabla ya hapo, hajaacha kizazi.

Wenzetu wa Oman wanalijua hilo. Mwaka 1988 walivua zaidi ya tani 27,000, kisha mavuno yakaporomoka. Siku hizi nguru wa chini ya sentimita 65 haruhusiwi kuvuliwa huko, na uvuvi wake hufungwa miezi 2 kila mwaka, kuanzia 15 Agosti.

Mimi niko Zombe, Kitui. Nguru wangu hunifikia kutoka Mombasa akiwa vipande, bila kichwa wala mkia, kwa hivyo umri wake haujulikani kwa urahisi. Ninachotazama ni ukubwa wa kipande. Kikiwa cha mduara mdogo, sinunui, na namwambia muuzaji sababu. Mchuuzi akikosa soko la nguru wachanga, hatawaagiza tena kwa mvuvi.