Kiapo cha Tolpuddle

Mwaka jana, tuliokuwa tunamwandikia mteja mmoja wa mtandaoni tulipata ujumbe Jumatatu asubuhi: malipo ya kila makala yanashuka. Miezi mitatu baadaye yakashuka tena. Tulikuwa watu 11, wengi hatujawahi kuonana ana kwa ana, na mmoja wetu akafungua kundi la WhatsApp ili tuongee. Tukakubaliana hakuna mtu ataandika tena mpaka malipo yarudi yalipokuwa. Kundi hilo liliishi siku mbili. Siku ya tatu mdosi alikuwa na picha za mazungumzo yetu yote, na watatu kati yetu tukaambiwa kazi imeisha. Mpaka leo sijui nani alizipeleka.

Baada ya hapo nilikuwa na muda mwingi wa kusoma. Ndivyo nilivyofika Tolpuddle.

Tolpuddle ni kijiji kidogo cha Dorset, kusini magharibi mwa Uingereza, kama kilomita 11 hivi mashariki ya mji wa Dorchester. Kina watu mia chache tu. Kuna barabara moja ya maana, kanisa la mawe ambalo sehemu zake ni za karne ya 12, na mto mwembamba unaoitwa Piddle. Jina la kijiji limetokana na mto huo na mwanamke mmoja, Tola, mjane wa karne ya 11 aliyekuwa na ardhi huko kabla haijaingia mikononi mwa watawa wa Abbotsbury. Ukipita hapo kwa gari ukiwa umeinamia simu, utakikosa.

Kando ya barabara, kwenye uwanja wa kijiji, kuna mti mkubwa mzee. Wataalamu wanakadiria ulianza kuota miaka ya 1680. Waingereza wanauita sycamore, lakini usiuchanganye na ule mkuyu wa Zakayo. Huu ni wa jamii nyingine kabisa. Chini ya mti huo, mwanzoni mwa miaka ya 1830, vibarua wa mashamba walikuwa wakikutana kuongea kuhusu mshahara.

Mshahara wenyewe ulikuwa shilingi. Ndiyo, shilingi, jina hili hili tunalolitumia kulipia matatu. Kibarua wa Tolpuddle alilipwa shilingi 9 kwa wiki, na sehemu nyingine za eneo hilo wenzake walikuwa wanapata 10. Vibarua wakaenda kwa waajiri wao kistaarabu, wakaomba walingane na wengine. Kwa mujibu wa maelezo aliyoandika baadaye kiongozi wao, George Loveless, waliahidiwa hivyo, na kasisi wa kijiji akasimama kama shahidi wa ahadi. Halafu mshahara ukashuka mpaka 8. Kasisi alipoulizwa kuhusu ile ahadi, akaikana. Ukashuka tena mpaka 7. Wakaambiwa wajiandae kwa 6.

Hebu fikiria familia yenye watoto watano kwa shilingi 7. Mkate, chai, viazi, kodi ya nyumba, na hapo hapo pesa zimeisha. Malisho ya pamoja ambako mtu maskini aliweza zamani kuchunga ng'ombe mmoja au kuokota kuni yalikuwa yamezungushiwa ua sehemu nyingi za Uingereza, kwa sheria zilizopitishwa na bunge lililojaa wenye ardhi. Mashine za kupura nafaka zilikuwa zimechukua kazi ya msimu wa baridi. Mwaka 1830 vibarua wa kusini walivunja mashine hizo na kuchoma maghala, na serikali ikawajibu kwa kunyonga 19 na kuwasafirisha mamia hadi Australia kama wafungwa. Kila mtu Tolpuddle alijua hayo. Kwa hiyo George Loveless na wenzake waliamua hawatachoma kitu. Wataunda chama.

Loveless alikuwa mkulima wa plau, mwenye umri wa miaka thelathini na kitu, aliyejifundisha mengi mwenyewe kwa kusoma na kuhubiri katika kanisa la Wamethodisti. Kanisa lao dogo la udongo, lililojengwa 1818, bado lipo. Mnamo Oktoba 1833, baada ya wajumbe wawili wa vyama vya wafanyakazi kuwatembelea, kijiji kikaanzisha chama chake. Kiingilio kilikuwa shilingi moja, na peni moja kila wiki. Hakuna kupiga mtu, hakuna kuharibu mali. Ukilipwa chini ya kiwango, unaacha kazi na wenzako wanakusaidia. Ni kama chama chochote cha mtaani unachokijua, ila hiki kilikuwa na kiapo.

Kiapo kilifanyika orofani kwa Thomas Standfield, shemeji yake Loveless. Wanachama wapya walifungwa macho kwa kitambaa. Wakapiga magoti, wakasomewa maneno, wakabusu kitabu walichoelewa kuwa Biblia. Kitambaa kilipofunguliwa, mbele yao palikuwa na picha kubwa ya mifupa ya binadamu, kuwakumbusha mwisho wa kila mtu. Wakaapa kutotoa siri za chama. Leo unaweza kucheka, lakini vyama vingi vya wakati huo vilikuwa na mambo kama haya. Wakati mdosi ndiye mwenye shamba, ndiye mwenye nyumba unayolala, na rafiki yake ndiye hakimu, unahitaji kitu kizito kuliko neno "tumekubaliana". Mimi nilijifunza hilo kwa siku tatu tu.

Hakimu wa eneo hilo, James Frampton, alikuwa mwenye ardhi mkubwa. Akaanza kukusanya habari kupitia watu wa ndani, huku akiandikiana barua na Lord Melbourne, waziri wa mambo ya ndani huko London. Tatizo lao lilikuwa moja: chama cha wafanyakazi hakikuwa haramu. Sheria zilizovipiga marufuku zilifutwa 1824. Sasa unamshtaki vipi mtu ambaye hajavunja sheria? Unatafuta sheria nyingine. Wakaipata moja ya mwaka 1797, iliyotungwa baada ya mabaharia wa jeshi la wanamaji kugoma na kuasi. Ilikataza viapo vya siri. Haikuwahi kuwa na shughuli na wakulima wa plau.

Tarehe 22 Februari 1834 matangazo yakabandikwa kuonya watu wasijiunge na chama. Siku mbili baadaye, alfajiri, konstebo akaja. Wanaume sita wakatembea kwa miguu mpaka Dorchester: George Loveless na mdogo wake James, Thomas Standfield na mwanawe John, James Brine, na James Hammett. Watu wawili ndio walikuwa mashahidi wakuu. Mmoja, Edward Legg, alikuwa kibarua mwenzao aliyeapa chumba kile kile, macho yakiwa yamefungwa kama ya wengine.

Kesi ilisikilizwa Dorchester mwezi Machi. Jopo lililoamua kama kuna kesi ya kujibu liliongozwa na shemeji wa Lord Melbourne, na Frampton mwenyewe alikuwemo. Loveless alipopewa nafasi ya kujitetea, alisema kwa maandishi kwamba hawakumdhuru mtu yeyote, wala sifa yake wala mali yake. Waliungana ili wake na watoto wao wasife njaa. Jaji akawapa adhabu ya juu kabisa ya sheria ile: miaka 7 ya kupelekwa ng'ambo. Watano wakapakiwa meli kwenda New South Wales. Loveless, aliyekuwa mgonjwa, akafuata baadaye hadi Tasmania. Wake zao walipoomba msaada wa parokia, ule wa kuwalisha maskini, wakanyimwa.

Mambo yangeishia hapo, lakini watu wa mjini wakakataa. Tarehe 21 Aprili 1834 makumi ya maelfu ya wafanyakazi waliandamana London, wamejipanga kwa kazi zao, bila fujo, wakibeba ombi lenye sahihi zaidi ya 200,000. Melbourne hakulipokea siku hiyo. Michango ikakusanywa kulisha familia za Tolpuddle, wabunge wachache wakaendelea kuuliza maswali, na tarehe 14 Machi 1836 wote sita wakapewa msamaha kamili. Wa kwanza kurudi ni George Loveless, 1837. Wa mwisho alifika 1839.

Watano hawakukaa Tolpuddle tena. Walipewa mashamba ya kukodi Essex, huko nako majirani wenye mali wakawalalamikia, na miaka ya 1840 wakahamia Kanada, karibu na mji wa London katika jimbo la Ontario. Huko waliishi kimya kuhusu yaliyopita.

Nilipofika hapo niliacha kusoma kidogo. Watu sita. Kiapo. Miaka saba. Nilikuwa nimeshasikia hesabu hiyo mahali, darasani, katika somo la historia.

Usiku wa tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilianza kukamata watu Kenya nzima. Waliopelekwa Kapenguria kushtakiwa kwa kuongoza Mau Mau walikuwa sita: Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Kung'u Karumba, Paul Ngei na Achieng' Oneko. Ushahidi mwingi ulihusu kiapo. Shahidi mkubwa, Rawson Macharia, alikuja kukiri mwaka 1958 kwamba ushahidi wake ulinunuliwa. Tarehe 8 Aprili 1953 wote wakahukumiwa miaka 7 na kazi ngumu.

Najua tofauti ni nyingi. Mau Mau ilikuwa vita vya ardhi, na damu ilimwagika. Vibarua wa Tolpuddle hawakubeba hata fimbo. Lakini angalia nani walikuwa kizimbani Kapenguria. Kubai alikuwa rais wa muungano wa vyama vya wafanyakazi ulioanzishwa Nairobi mwaka 1949, na katibu wake mkuu alikuwa Makhan Singh. Kaggia pia alikuwa mtu wa vyama. Makhan Singh alikamatwa Mei 1950, akazuiliwa mpaka 1961. Mfanyakazi anayejipanga na kiapo cha siri vilitishia watawala wale wale, kwa sababu ile ile: hawakujua watu wanaambiana nini wakiwa peke yao chumbani.

Na kuna jambo lingine lililonikera. Mwaka 1934, miaka 100 baada ya kesi, Uingereza ilikuwa imeshawafanya wale sita mashujaa. Shirikisho la vyama vya wafanyakazi lilijenga nyumba sita Tolpuddle kwa ajili ya vibarua wazee, na kibanda cha ukumbusho kikawekwa kando ya mti. Miaka 19 tu baadaye, kwa jina la taji lile lile, Kapenguria ikafanyika. Taifa linaweza kuweka maua kwenye kaburi huku likichimba lingine mbali, mahali ambapo wageni hawatembelei.

Siku hizi kijiji kinaishi na historia yake. Zile nyumba sita zina jumba la makumbusho. Mahakama ya Dorchester imegeuzwa makumbusho pia, na unaweza kusimama kizimbani waliposimama. Kila Julai maelfu ya watu hufika na mabendera ya vyama vyao, muziki na hotuba, na kijiji cha watu mia chache kinajaa mpaka shambani. Kisha wanaenda kuweka maua kwenye kaburi moja.

Kaburi hilo ni la James Hammett, wa pekee aliyerudi kuishi Tolpuddle. Alifanya kazi za ujenzi. Mwaka 1875 chama kipya cha wakulima kilimpa saa, lakini saa hailishi mtu. Alipozeeka na macho kuisha aliingia nyumba ya maskini ya Dorchester, na huko ndiko alikofia mwaka 1891.

Inasimuliwa kwamba Hammett hakuwa orofani usiku ule wa kiapo. Aliyekuwepo ni ndugu yake John, ambaye mkewe alikuwa karibu kujifungua. Konstebo alipokuja kutafuta Hammett, James akaenda. Hakusema kitu njiani, hakusema kitu mahakamani.

Nimefikiria sana kuhusu yule aliyepeleka picha zetu kwa mdosi. Nilitamani sana kumjua. Katiba yetu, kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama na ya kugoma, kwa hiyo hakuna aliyekuwa anatuwinda na sheria ya mabaharia. Tulivunjika kwa urahisi zaidi ya hapo. Wiki iliyopita mmoja wa wale 11 alinitumia ujumbe. Malipo yameshuka mara ya tatu, na anauliza kama lile kundi linaweza kufunguliwa tena. Nikamwambia safari hii tukutane kwanza, uso kwa uso, Uhuru Park, Jumamosi. Chini ya mti wowote.