Land Rover ya zamani inagonga na kuvuta upande? Anza na bushi

Ukishika breki, gari linakwenda kushoto. Ukipita kwenye makorongo, chini ya miguu unasikia "ko-ko-ko". Usukani unacheza, na fundi wa breki ameshafungua magurudumu mara mbili bila kuona kitu. Kwa Land Rover za zamani, zile 88 na 109 ambazo bado zinapiga kazi Tabora, Urambo, Kaliua na Sikonge, mara nyingi mkosaji ni kidude kinachoenea kwenye kiganja: bushi ya springi.

Watu wengi hudhani springi kazi yake ni kubeba mzigo tu. Kwenye gari hizi, zenye springi za vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, springi ndiyo pia inayoishika ekseli isiende mbele wala nyuma. Hakuna mkono mwingine wa kuisaidia. Bushi ya upande mmoja ikiisha, ukikanyaga breki gurudumu la upande huo linarudi nyuma kidogo, ekseli inakaa mshazari, na gari linajikatia kona lenyewe bila wewe kugusa usukani.

Zamani hilo lilivumilika. Barabara zilikuwa mbovu, na gari likitembea kilomita 30 kwa saa dereva analirudisha tu. Leo ukitoka Tabora mjini kwenda Nzega au Sikonge unakwenda kwa lami, gari lilelile la mwaka 1975 linafika 80, nyuma wamekaa watu na magunia, na mbele kuna lori. Bushi iliyokwisha ni hatari zaidi kwenye barabara nzuri kuliko kwenye mbaya.

Ziko ngapi na ziko wapi

Land Rover ya Series II, IIA na III (hii ya mwisho ilitengenezwa 1971 hadi 1985) ina springi nne. Kila springi ina bushi mbili, moja kila mwisho. Hizo ni nane. Nne nyingine zimeshindiliwa kwenye chasisi yenyewe, pale vinaponing'inia vile vibao viwili vya chuma vinavyobembea springi ikinyooka na kujikunja. Kwa springi za mbele vibao hivyo viko upande wa mbele, kwa za nyuma viko upande wa nyuma. Jumla bushi 12. Fundi akikuambia amebadilisha "zote nane", muulize za kwenye chasisi ziko wapi. Hizo ndizo zinazorukwa, kwa sababu ndizo ngumu kutoa.

Kuzikagua hakuhitaji gereji. Chomeka mtaimbo kati ya springi na chasisi, sukuma kidogo. Bushi nzima itakubali kidogo na kurudi. Bushi iliyokufa italia chuma kwa chuma. Halafu angalia boliti: inatakiwa iwe katikati ya duara la mpira. Ikiwa imeegemea upande mmoja kama mwezi mchanga, mpira umeliwa. Na ukiona chuma kinang'aa mahali ambapo kwingine kote kuna vumbi jekundu, hapo kuna kitu kinasuguana.

Mpira, poli, nailoni au tairi?

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa sababu kila fundi ana dini yake.

Bushi ya asili ya Land Rover ni mpira ulioganda katikati ya mirija miwili ya chuma, mmoja ndani na mmoja nje. Mrija wa nje unakaza kwenye springi, wa ndani unabanwa na boliti. Springi ikicheza, hakuna kinachoteleza. Mpira wenyewe ndio unaojinyonga, kama kitambaa unapokikamua, kisha unarudi. Kwa kuwa hakuna kinachoteleza, hakuna grisi inayohitajika, na vumbi halina pa kuingia. Adui zake ni wawili: umri na mafuta. Oili inayovuja kwenye yale maboli makubwa nyuma ya magurudumu ya mbele, ugonjwa wa kudumu wa gari hizi, ikidondokea bushi kila siku mpira unavimba na kuwa kama ugali.

Poliurethani, ambayo madukani wanaiita tu "poli", ni plastiki ngumu kidogo kuliko mpira. Haiogopi oili, na inaingia kwa mkono bila presi. Ndiyo maana inapendwa. Lakini kazi yake ni tofauti: haijinyongi, inazunguka juu ya mrija wake. Kitu kinachozunguka kinahitaji grisi, na grisi kwenye vumbi la Tabora la mwezi wa nane inageuka msasa. Usipoifungua kuisafisha na kuipaka upya, inaanza kulia kama kitanda kibovu, kisha inaula mrija. Isitoshe, ugumu wake unapeleka kila kishindo kwenye chasisi. Kwenye chasisi ya miaka 50 iliyoanza kuoza kwa ndani, kishindo hicho kinatafuta pa kupasukia, na mara nyingi ni pale pale bushi inaposhikwa. Bushi laini inakufa ili chasisi ipone, na chasisi ndiyo ghali.

Nailoni ya kukerezwa kwenye mashine ya leti ni ngumu kuliko zote mbili. Inadumu, ndiyo, na fundi anakupa siku hiyohiyo. Ila gari linakuwa kama mkokoteni, na yale yaliyosemwa kuhusu chasisi yanazidi mara mbili.

Halafu kuna bushi ya tairi, inayokatwa kwenye tairi kuukuu kwa kisu na kutobolewa. Tusiidharau. Imewafikisha watu wengi nyumbani kutoka porini. Lakini tairi lina nyuzi ndani, limetengenezwa lizunguke na sio lijinyonge, na halijashikana na chuma chochote, hivyo boliti inalila kutoka ndani taratibu. Ikupeleke mjini kutoka Kaliua, halafu itoke. Kwenye springi za mbele usiiache hata wiki.

Bushi za shaba zenye tundu la kupigia grisi ni za malori. Lori linapigwa grisi kila wiki na mtu anayelipwa kwa kazi hiyo. Gari lako linapigwa lini?

Kwa hiyo, kwa gari la kazi linalokwenda vijiji vya tumbaku na asali, ningefunga mpira pande zote na kuziba kwanza uvujaji wa oili. Poli ningeiacha kwa mtu ambaye uvujaji umemshinda, au asiye na presi wala jiliwa kubwa karibu, na ambaye kweli ataifungua kila mwaka mvua zikiisha.

Dukani

Bushi nyingi za mpira zinatoka Dar es Salaam, Kariakoo na Gerezani, na hupandishwa basi. Usiagize kwa jina la gari pekee, kwa sababu 88 na 109 hazifanani kila mahali na wamiliki waliotangulia walishabadilisha springi wanavyojua. Pima vitu vitatu: unene wa nje, tundu la ndani na urefu wa mrija wa ndani. Gari hizi zilipimwa kwa inchi, na inchi moja ni milimita 25.4, hivyo bushi iliyotengenezwa kwa milimita "inayokaribiana" inaweza kuingia kwa kidole gumba. Bushi inayoingia kwa kidole gumba itatoka kwa kidole gumba.

Ikikufikia, minya mpira kwa ukucha. Mpira mpya unaacha alama inayopotea. Mpira uliokaa rafu miaka mingi unakuwa mgumu na una nyufa ndogo pembeni hata kama boksi linang'aa. Tazama pia kama mrija wa ndani ni mrefu kidogo kuliko wa nje. Ukilingana nao, vibao vitabana mpira wenyewe na utakatika mapema.

Kutoa za zamani ndiyo kazi

Jioni ya kabla, mwagia boliti zote mafuta ya kulegeza kutu. Asubuhi weka gari mahali tambarare, ziba magurudumu yatakayobaki chini, inua chasisi na uikalishe juu ya stendi za chuma. Sio mawe, sio matofali: tofali linapasuka bila kutoa taarifa. Jeki ya pili iishike ekseli. Fanya springi moja hadi uimalize, ndipo uende nyingine, la sivyo ekseli itahama na utashinda siku nzima unaivuta.

Boliti nyingi zitagoma, kwa sababu zimeshikana kwa kutu na mrija wa ndani. Unazungusha, mpira unazunguka nao, haitoki. Usipoteze nusu siku. Kata kwa msumeno wa chuma kati ya kibao na springi, boliti mpya ni rahisi kuliko mgongo wako.

Bushi yenyewe mafundi wengi huichoma moto. Inatoka, kweli, kwa moshi mweusi wa sumu. Lakini moto mkali kwenye mwisho wa springi unaulegeza ule ugumu uliopikwa kiwandani, na springi iliyolegea hukatika baadaye, mbali na gereji. Njia ya polepole ni bora: toboa mpira kwa drili kuuzunguka mrija wa ndani, usukume mrija utoke, kisha pitisha ubao wa msumeno ndani na ukate ganda la nje kwa mstari mmoja. Simama kabla hujagusa springi. Gonga kwa patasi, ganda litajikunja na kutoka.

Kufunga: kaza gari likiwa chini

Safisha tundu mpaka chuma kionekane. Paka maji ya sabuni. Ingiza bushi kwa presi, au kwa jiliwa kubwa, au kwa boliti ndefu yenye nati na kipande cha bomba upande wa pili. Nguvu yote ikae kwenye ganda la nje. Ukisukuma mrija wa ndani au mpira, umeshaiharibu kabla haijatembea hata hatua. Nyundo inapinda ganda. Na ikiwa tundu limelika na bushi inalegea, usikubali ipigwe weldi, kwani joto litaunguza mpira. Springi hiyo iende kwa fundi springi.

Boliti ipake grisi ya shaba, au hata grisi ya kawaida kidogo kwa chuma pekee, ili miaka ijayo isigome tena. Kisha ingiza nati kwa mkono tu. Kwa mkono.

Hili ndilo kosa linalowafanya watu waseme "bushi za siku hizi feki". Gari likiwa juu ya stendi, springi zinaning'inia. Ukikaza boliti hapo, unaufunga mpira ukiwa katika hali ya kuning'inia. Ukishusha gari, springi inanyooka na mpira unajinyonga kwa nguvu zote, na utabaki hivyo usiku na mchana hata gari likiwa limepaki. Bushi ya kudumu miaka inachanika ndani ya miezi.

Kwa hiyo shusha gari likae kwa magurudumu yake. Weka tairi la akiba na mzigo ambao hubebwa kila siku. Litikise, lisukume mbele na nyuma mita chache, springi zijikalie zinavyotaka. Ndipo uingie chini ukaze kwa kipimo cha kitabu cha gari. Baada ya kilomita mia chache kaza tena, pamoja na zile boliti za umbo la U zinazofunga springi na ekseli.

Kama gari lako si hilo

Land Rover 110, iliyoanza 1983, ina springi za koili. Huko ekseli inashikwa na mikono, na bushi ziko kwenye mikono hiyo na kwenye fito inayovuka mbele kuizuia ekseli isiende pembeni. Bushi za fito hiyo zikiisha, ukipiga shimo moja usukani unatetemeka mpaka upunguze mwendo. Peugeot 404, ile aliyoshindia Safari Rally mwaka 1966 na 1967 Bert Shankland wa Tanzania, ina bushi kwenye mikono ya chini ya mbele. Zote hizo, kama ni za mpira, zinakazwa gari likiwa limekaa chini.

Bushi moja ya zamani iliyotoka vizuri usiitupe. Isafishe, iandike kwa rangi ilitoka upande gani, uiweke kwenye boksi la spana. Safari ijayo ukimtuma mtu Dar, ampelekee muuzaji hiyo hiyo aishike mkononi.