Porsche 911: Vita vya miaka 35 dhidi ya oili kuchemka

Kila mashindano ya magari ya kale ya East African Safari Classic yanapokaribia, ugomvi wa zamani hufufuka katika gereji za Nairobi. Mwenye Porsche 911 ya miaka ya 1970 anataka gari lake limalize safari ya vumbi, mawe na matope. Fundi anamwambia sharti aongeze rejeta ya oili mbele, aifungie feni ya umeme, na pengine bati la bampa likatwe ili hewa ipate njia. Mwenye gari anasita. Gari kama hilo siku hizi lina bei ya nyumba, na wanunuzi wa Ulaya hulipa zaidi kwa bati ambalo halijaguswa tangu litoke kiwandani Stuttgart. Wahifadhi wa magari ya kale wanamuunga mkono: ukikata, umeharibu historia.

Mimi niko upande wa fundi, na kilichonipeleka huko ni historia yenyewe. Sehemu kubwa ya maelezo ya ufundi yaliyomo humu nimeyapata kwa mzee mmoja mstaafu, aliyeshika spana enzi za mbio za magari za Safari, zilizofanyika wakati wa Pasaka, na ambaye hakutaka jina lake liandikwe gazetini. Dereva ndiye hupigwa picha, alisema. Fundi hukumbukwa siku gari likichemsha.

Porsche 911 ilioneshwa kwa mara ya kwanza mjini Frankfurt, Septemba 1963. Injini yake ya silinda sita hukaa nyuma kabisa, nyuma ya ekseli, na haina tone la maji. Wengi huiita injini ya kupozwa kwa hewa. Mzee hakubali jina hilo. Kwake ni injini ya kupozwa kwa oili, na ukimsikiliza utaona ana hoja. Feni kubwa inayozungushwa na mkanda hupuliza mapezi ya silinda, kweli, lakini joto la beringi, la kamshafti na la tumbo la pistoni hubebwa na oili. Ndiyo maana gari hili hubeba oili kwa wingi. Haikai chini ya injini kama kwenye magari mengine. Pampu moja huifyonza na kuipeleka kwenye tangi lililofichwa ubavuni kulia, karibu na gurudumu la nyuma, na pampu nyingine huirudisha kazini. Ukijumlisha tangi, mabomba na rejeta ya mbele, oili hupita lita 10, wakati gari la kawaida la ukubwa ule hutosheka na 4 au 5.

Hata upimaji wake una kanuni yake. Gari husimamishwa mahali tambarare, injini ikiwa moto na ikiendelea kunguruma, ndipo stiki huchomolewa. Anayepima asubuhi injini ikiwa baridi atakuta stiki inaonesha pungufu, kwa kuwa sehemu ya oili imeteremka usiku kutoka tangini. Ataongeza. Injini ikipata moto, oili iliyozidi itamwagikia kwenye njia ya hewa na gari litatoa moshi barabara nzima. Mzee anasema magari mengi aliyoletewa kwa madai kuwa injini imekufa hayakuwa na ugonjwa mwingine zaidi ya huo.

Kabla ya 911 kufika Afrika Mashariki, ndugu yake mdogo kwa nguvu alikwisha kujijengea jina. Safari ilianza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Volkswagen Beetle, nayo ikiwa haina maji kwenye injini, iliibuka mshindi mwaka 1954 mikononi mwa Vic Preston, kisha ikashinda tena 1957 na 1962. Injini yake ilikuwa ndogo, yenye nguvu za farasi 30 na kitu, na joto lake lilikuwa dogo vilevile. Rejeta yake ya oili ilikuwa kidude kilichosimama ndani ya kasha la feni, na kilitosha.

Hesabu ya 911 ilikuwa nyingine. Nguvu za injini zilipopanda, joto lilipanda nazo, na rejeta ndogo iliyobanwa kwenye injini ikashindwa. Mwaka 1969 kiwanda kilitoa 911 S ya nguvu za farasi 170, na kwa mara ya kwanza gari hilo likapewa rejeta ya pili ya oili, mbele kabisa, ndani ya madigadi ya kulia. Mabomba mawili yalipita chini ya mlango kutoka nyuma hadi mbele. Thamostati iliiacha oili izunguke nyuma ikiwa baridi, na ilipokaribia nyuzi 85 ikaifungulia njia ya mbele. Tangu siku hiyo, kila injini ilipokuzwa, swali la rejeta lilirudi mezani.

Kisa ambacho mzee hukisimulia kwa hamu kuliko vyote hakihusu mashindano. Ni cha mwaka 1972, na kinahusu mlango mdogo wa bati.

Wahandisi wa Porsche walikuwa wakisumbuliwa na uzito wa nyuma. Injini, giaboksi na tangi la oili, vyote vilikuwa upande mmoja, na gari lilipoingia kona kwa kasi nyuma ilitaka kutangulia. Mwaka 1969 walikwisha kurefusha nafasi kati ya magurudumu kwa milimita 57. Kwa magari ya mwaka 1972, yenye injini mpya iliyoitwa ya lita 2.4, wakachukua hatua nyingine: tangi la oili likahamishwa kutoka nyuma ya gurudumu la kulia hadi mbele yake, kati ya gurudumu na mlango. Kiuhandisi ulikuwa uamuzi wa akili. Kilo kadhaa za oili zilisogea kuelekea katikati ya gari.

Tatizo lilikuwa mdomo wa tangi. Huko mbele ya gurudumu mtu asingeweza kuufikia kupitia chumba cha injini, hivyo wakatoboa ubavu wa gari chini ya dirisha dogo la nyuma, wakaweka kifuniko cha bati chenye rangi ya gari. Ukisimama mita mbili tu, unaona mahali pa kujazia petroli. Magari mengi duniani hujazwa petroli ubavuni nyuma, na mhudumu wa kituo cha mafuta mkono wake umezoea kwenda huko. Mdomo halisi wa petroli wa 911 uko mbele, kwenye madigadi ya kushoto. Yaliyofuata hayakuepukika: vituoni, petroli ikamiminwa kwenye tangi la oili.

Mzee husimama anapofika hapa, kwa sababu anajua maana yake. Petroli huipunguzia oili uzito, na oili nyepesi haishiki kwenye beringi. Mwenye gari akiwasha na kuondoka, geji ya shinikizo inashuka, joto linapanda, na injini iliyogharimu fedha za kutisha inanoki kabla hajafika mbali. Rejeta haiwezi kuokoa kitu hapo, kwa kuwa kinachopita ndani yake si oili tena. Magari ya mwaka 1973 yalipotoka, kifuniko kilikuwa kimeondolewa na tangi limerudishwa nyuma ya gurudumu. Mpango wa wahandisi ulidumu mwaka mmoja tu.

Leo magari yale ya 1972 yenye kifuniko ubavuni hutafutwa sana na wakusanyaji. Nalitaja hili kwa makusudi. Kama kiwanda chenyewe kilihamisha tangi, kikatoboa bati, kisha kikaghairi baada ya mwaka mmoja, basi ile 911 isiyobadilika inayopigiwa kelele na wahifadhi haijawahi kuwapo.

Kwenye Safari, 911 ilikaribia ushindi mara tatu na mara tatu ikaukosa. Mwaka 1972 Sobiesław Zasada wa Poland alimaliza wa pili nyuma ya Hannu Mikkola na Ford Escort. Mwaka 1974 Björn Waldegård wa Sweden aliongoza kabla ya mguu wa nyuma wa gari kumsaliti, na Joginder Singh, aliyeitwa Simba wa Kenya, akaondoka na kombe kwa Mitsubishi Lancer. Mwaka 1978 kiwanda kilirudi na magari mawili ya 911 SC, yameinuliwa hadi sentimita 28 kutoka ardhini. Waldegård aliongoza tena, akaharibikiwa tena, akawa wa nne. Vic Preston mdogo, mtoto wa yule bingwa wa Beetle, alikuwa wa pili nyuma ya Jean-Pierre Nicolas na Peugeot 504.

Zingatia kilichoyaangusha magari hayo. Mwaka 1974 na 1978 Waldegård aliangushwa na miguu ya gari. Karibu kilomita 5,000 za matope ya udongo mweusi, milima na joto la nyika ya Taru zilivunja chuma, na injini ikaendelea kuvuta. Kwa mafundi hilo lilikuwa jambo kubwa, maana Kenya ina mtihani wake. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 16 kuliko Mombasa. Feni ileile, ikizunguka kwa kasi ileile, hubeba joto dogo zaidi. Ukiteremka pwani hewa inakuwa nzito, lakini nayo ni ya moto.

Halafu kuna matope. Rejeta iliyo ndani ya madigadi hupata hewa gari likikimbia. Gari likitambaa kwa gia ya kwanza, injini ikilia, hewa haipo. Matope yakiingia kwenye mapezi yake na kukauka, rejeta inageuka tofali. Hapo ndipo feni ya umeme inapopata kazi. Kiwanda cha Porsche kilikuja kuifunga kwenye rejeta ya mbele ya magari ya barabarani mwishoni mwa miaka ya 1980. Waingereza walikwisha kuiamini zamani kwenye rejeta ya maji: Jaguar E-Type ya mwaka 1961 ilitoka kiwandani ikiwa nayo.

Mzee alinionesha namna anavyopenda kazi hiyo ifanyike, akichora kwa kidole kwenye vumbi la boneti. Feni inakaa nyuma ya rejeta na kuvuta hewa. Ikiwekwa mbele, inaziba njia gari likikimbia. Wavu wa chuma mbele kabisa, kwa ajili ya mawe. Umeme upite kwenye rilei, kamwe usipite moja kwa moja kwenye swichi. Swichi ya joto iwashe feni yenyewe, na swichi ya pili iwe mkononi mwa dereva ili aizime anapovuka mto, kwa sababu mapanga yakipiga maji huvunjika na kuchana rejeta. Mipira ya oili isipite karibu na bomba la moshi, na isiguse bati lenye makali. Gari likifika kwenye huduma, maji yapulizwe kutoka nyuma ya rejeta kwenda mbele, matope yatoke yalikoingilia. Anayepuliza kutoka mbele anayasokomeza ndani zaidi.

Miaka iliyofuata naipita haraka. René Metge alishinda Paris-Dakar ya 1984 kwa 911 yenye magurudumu manne ya kuvuta, na mwaka huohuo Saeed Al-Hajri wa Qatar alitwaa ubingwa wa Mashariki ya Kati kwa 911 SC RS, katika joto ambalo watu wa Ghuba hawahitaji kuelezwa. Mwaka 1998 kiwanda kilisalimu amri: 911 ya mwisho isiyo na maji kwenye injini ikatoka, na vita vilivyoanza 1963 vikaisha.

Kwetu havikuisha. Safari Classic ilianza mwaka 2003, miaka 50 baada ya Safari ya kwanza, na 911 zikarudi kwenye vumbi. Mwaka 2011 Waldegård, akiwa na umri wa miaka 68 na mwanawe Mathias kando yake akimsomea njia, hatimaye alishinda Kenya kwa 911, miaka 33 baada ya ile ya 1978. Alifariki mwaka 2014. Mwaka 2022 Baldev Chager, Mkenya, naye alishinda kwa 911.

Basi atakayeniuliza kama ni halali kufunga rejeta na feni kwenye gari la kale, nitamjibu ndiyo. Kiwanda kiliongeza, mafundi wa Safari waliongeza, na magari yaliyoongezewa ndiyo yaliyoandika historia tunayojivunia. Bati lililokatwa kwa ustadi linaweza kuungwa. Injini iliyochemka hadi kunoki hairudi ilivyokuwa, na namba yake ya asili, inayoabudiwa na wakusanyaji, inapotea nayo.

Kinachoniuma ni kingine. Majina ya madereva wa Safari yameandikwa kwenye vitabu vya Ulaya na Japani. Mafundi wetu waliolala chini ya magari hayo Nakuru, Voi na Mombasa, wakizibua rejeta kwa tochi mdomoni, wengi hawajaandikwa popote, na wanaondoka mmoja mmoja. Kama baba au babu yako alikuwa mmoja wao, na nyumbani kuna daftari la kazi, picha, au hata karatasi ya vipimo yenye madoa ya oili, usiitupe. Mketishe chini, umrekodi kwa simu akieleza alichokifanya na alikifanya wapi, kisha nakala uipeleke Makumbusho ya Taifa au chuo kikuu kilicho karibu nawe. Fanya hivyo mwaka huu, mzee akiwa bado anakumbuka.