Kihamba: Nyumba Isiyojua Taka

Wako wanaodhani kwamba kuyatunza mazingira nyumbani ni elimu mpya, iliyoletwa na vitabu na mikutano ya miaka ya karibuni. Historia ya nchi yetu yaonyesha vinginevyo. Katika miteremko ya Mlima Kilimanjaro, baina ya mita 1,000 na mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, Wachaga wameishi kwa vizazi vingi katika vihamba vyao, na ardhi ile ile imeendelea kuwalisha. Yafaa tuchunguze siri ya jambo hilo.

Kihamba ni makazi na shamba kwa wakati mmoja. Nyumba husimama ndani ya mimea yenyewe. Juu kabisa hutanda miti mirefu kama mringaringa na mruka. Chini yake ipo migomba. Chini ya migomba, mibuni. Na karibu na ardhi hustawi magimbi, maharage na mboga. Miti hupunguza ukali wa jua na kuvunja nguvu ya mvua. Mizizi yake huushika udongo usiporomoke. Majani yake yakipukutika huwa mbolea. Kuni hupatikana kwa kupogoa matawi, na mti wenyewe ukabaki umesimama. Mibuni, iliyoletwa na wamisionari mwishoni mwa karne ya 19, ilikikuta kivuli hicho kikiwa tayari.

Kiungo cha mambo yote hayo ni ng'ombe. Badala ya kuchungwa, yeye hulishwa zizini, na hapo zamani alilala chini ya paa moja na wenye nyumba. Vigogo vya migomba iliyokwisha kuzaa, majani yake na maganda ya ndizi humwendea yeye. Samadi yake hurudi kwenye migomba. Hivyo kitu kilichokwisha kazi mahali pamoja kilianza kazi mahali pengine, na nyumba haikujua taka.

Hata hivyo, kaya moja peke yake isingaliweza kuudumisha utaratibu huo. Maji yaliteremshwa kutoka mitoni kwa mifereji iitwayo mifongo, ambayo mingine ilichimbwa kabla ya ukoloni. Waliotumia mfongo mmoja walipangiana zamu za maji, wakausafisha kwa pamoja, na mtoro wa kazi alitozwa faini. Mipaka ya vihamba iliwekwa kwa mmea wa sale, ambao ni alama ya amani pia, kwa maana jani lake hutumika kuombea msamaha. Adabu ya majirani ilikuwa sehemu ya utunzaji wa ardhi.

Wala tusiisifu historia hii kwa upofu. Majani ya kihamba hayakumtosha ng'ombe, na mzigo wa kukata majani tambarare na kuyapandisha mlimani uliwaangukia zaidi wanawake, walioubeba kichwani. Rutuba tunayoisifu ilijengwa kwa shingo zao, ingawa kwa desturi kihamba kilirithiwa na watoto wa kiume.

Urithi huo ndio ulioleta taabu. Baba aliwagawia wanawe ardhi, na ardhi haikuongezeka. Mwaka 1967 Mkoa wa Kilimanjaro ulikuwa na watu wapatao 650,000. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya 1,800,000. Vihamba vingi sasa havifiki hekta moja. Tena, makubaliano ya kimataifa ya kugawana soko la kahawa yalipovunjika mwaka 1989, bei ilianguka vibaya. Baadhi ya wakulima wakang'oa mibuni na kukata miti ili wapande mazao yapendayo jua, na udongo ukabaki wazi mbele ya mvua. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliutambua mfumo wa kihamba wa Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wenye thamani kwa ulimwengu. Heshima hiyo ni njema, lakini haimwongezei kijana ardhi.

Je, kaya isiyo ya mlimani itajifunza nini? Haiwezi kuhamisha mvua ya Kilimanjaro, lakini yaweza kuiga kanuni. Maganda na mabaki ya mekoni yasichanganywe na plastiki; yafukiwe shimoni yaoze yawe mbolea. Maji yaliyooshea mboga yamwagiliwe mchicha au mpapai. Uani upandwe mti wa kivuli au wa matunda, na kuni zitokane na matawi. Majirani wapangiane zamu ya kusafisha mtaro wao. Kazi hizo zigawanywe kwa haki, wavulana na wasichana kwa pamoja, ili tusirudie kosa la zamani.

Shule zetu zina wanafunzi wanaotoka katika kaya za kila namna. Mwalimu na awaulize: katika nyumba yenu, ni kitu gani hutupwa ambacho bibi zenu wasingalikitupa? Majibu yao yatakuwa mwanzo wa somo.