Ini Lilipokuwa Dawa

Mdogo wangu alikuwa na miaka saba mathe alipokuja nyumbani na chupa mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kuongeza damu, nyekundu, tamu kama sharubati. Ya pili ilikuwa ya "kuosha ini," aliuziwa ndani ya matatu na jamaa aliyepanda steji moja akashuka iliyofuata. Pesa ya chakula ya wiki nzima iliishia hapo. Mdogo wangu ana selimundu, na wiki hiyo macho yake yalikuwa manjano kabisa. Majirani walikuwa wameshatoa hukumu: ini la huyu mtoto limeharibika.

Mimi nilikuwa nimeacha chuo, sina kazi, nina bando tu. Nikaanza kusoma.

Jambo la kwanza lililonishangaza ni kwamba kuna wakati ini lenyewe ndilo lilikuwa dawa. Miaka ya 1920 huko Marekani, George Whipple aliwatoa mbwa damu mpaka wakadhoofika, kisha akawalisha vyakula tofauti aone kipi kinarudisha damu haraka. Ini likashinda. Mwaka wa 1926, George Minot na William Murphy wakawalisha ini wagonjwa wa aina moja ya upungufu wa damu ambayo wakati huo ilikuwa inaua. Wakapona. Watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1934. Ile imani kwamba damu ikipungua unakula kitu cha kuijenga si ushamba. Imewahi kushinda Nobel.

Lakini baadaye ilijulikana kwamba ini lilikuwa likitibu magonjwa mawili tofauti. Mbwa wa Whipple walikuwa wamemwaga damu, na chuma kikaenda nayo; ini likawarudishia chuma. Wale wagonjwa wa Boston walikosa vitamini B12, ambayo pia imo kwenye ini. Chakula ni kimoja, upungufu ni tofauti.

Halafu kuna Lucy Wills, daktari Mwingereza aliyefika Bombay mwaka wa 1928. Wanawake wajawazito, wengi wao wafanyakazi wa viwanda vya nguo, walikuwa wanaishiwa na damu. Alichopata kikiwasaidia kilikuwa cha bei nafuu: Marmite, ile ya kupaka mkate, inayotengenezwa kwa hamira. Akachapisha matokeo yake mwaka wa 1931 bila kujua kiini chake ni nini hasa. Mwaka wa 1941 watafiti Marekani walikipata kwenye majani ya spinachi, wakakiita asidi ya foliki, kutoka neno la Kilatini la jani. Ndiyo ile tembe ndogo ya manjano ambayo mdogo wangu humeza kila asubuhi.

Kwa nini aimeze? Seli nyekundu ya kawaida huishi siku kama 120. Yake, ikijikunja kama mundu, huishi siku 10 hadi 20 hivi. Uboho ndani ya mifupa unafanya kazi ovataimu kutengeneza nyingine, na foliki ni mojawapo ya malighafi zake. Tembe haiponyi selimundu. Inahakikisha tu malighafi hiyo haiishi.

Na hizo seli zinazovunjika zinaenda wapi? Hapo ndipo ini linaingia. Mabaki yake yanageuka rangi ya manjano, na ini ndilo huichukua na kuitoa kupitia nyongo. Zikivunjika nyingi kwa mpigo, mzigo unazidi, na rangi inaonekana machoni. Ini la mdogo wangu halikuwa chafu. Lilikuwa na kazi nyingi. (Kuna wakati huwa linaugua kweli, au mawe yanaziba njia ya nyongo. Manjano ikizidi ghafla, au ikija na homa au maumivu ya tumbo, hiyo ni safari ya hospitali, si ya kemisti.)

Sasa rudi kwa ile chupa nyekundu. Ilikuwa ya chuma. Mbwa wa Whipple walimwaga damu nje. Damu ya mtoto wa selimundu huvunjikia ndani, na chuma kingi kinabaki mwilini. Akiongezewa damu hospitalini, kila mfuko unaleta miligramu 200 hivi au zaidi za chuma, ilhali mwili hupoteza miligramu moja au mbili tu kwa siku. Kinachozidi hujilundika, na ini ni mojawapo ya maghala yake makuu. Watoto wenye thalasemia, ugonjwa mwingine wa damu wa kurithi uliofafanuliwa na Thomas Cooley wa Detroit mwaka wa 1925, walilipa bei ya somo hili: damu ya kuongezewa iliwaokoa, kisha chuma chake kikaharibu ini na moyo, mpaka zikapatikana dawa za kukitoa.

Kuna watoto wa selimundu wanaopungukiwa na chuma kweli, lakini hilo hujulikana kwa kipimo. Na ile chupa ya kuosha ini? Haikuwa na lebo. Chochote kilichokuwamo kingepitia kwenye ini lile lile lililolemewa.

Kliniki walituambia tuache zote mbili, tuendelee na foliki, na tuulize kuhusu haidroksiyurea, dawa iliyojaribiwa kwa watoto wa nchi nne za Afrika, Kilifi ikiwemo, na matokeo yakachapishwa mwaka wa 2019. Maumivu yalipungua, vifo pia.

Usiku huo mathe aliniuliza swali moja tu: "Kwa hivyo nimekuwa nikimlisha mtoto wangu sumu?"

Nikamwambia habari za Whipple na mbwa wake. Nikamwambia aliwaza walivyowaza watu wa Nobel, ila mtoto wake hakuwa amemwaga damu. Alinyamaza kidogo, akaichukua ile chupa nyekundu, akaimwaga kwenye sinki, kisha akaniambia nihesabu tembe za manjano zilizobaki.